Twaimba tezi na omo, mtumbwi hatuujui

Hakuna mwalimu wa Kiswahili nchini asiyeijua methali isemayo kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huifunza, huitahini na kuisahihisha. Mwanafunzi naye huijibu pasi na taabu: mtu, hata atangetange vipi, mwishowe hurejea kwao. Hupewa alama zake, na shauri likaishia hapo. Mimi mwenyewe nimeifafanua methali hii kwa miaka mingi bila ya kujiuliza lolote, hadi asubuhi moja ya muhula uliopita nilipotambua kwamba mimi na wanafunzi wangu tulikuwa tukiimba wimbo tusioyajua maneno yake.

Siku hiyo nilikuwa nimeleta darasani nakala ya mchoro wa kale. Mchoro wenyewe ni wa Thomas Baines, Mwingereza aliyezunguka kusini mwa Afrika katika karne ya kumi na tisa akichora alichokiona. Ulichapishwa London mwaka 1865 pamoja na mingine kuhusu maporomoko ya Mosi-oa-Tunya ya mto Zambezi, ambayo Waingereza waliyapa jina la malkia wao, Victoria. Unahusu mtumbwi, maji yaendayo kasi, na mtu anayewavusha wasafiri.

Nikamwita kijana mmoja hodari, ambaye dakika chache kabla alikuwa ametufafanulia methali yetu kwa ufasaha wa kupendeza, nikamwomba atuonyeshe tezi iko wapi. Alisimama kitambo, akainua kidole, akaonyesha kafi. Na omo je? Akaonyesha mto. Darasa zima likaangua kicheko. Lakini nilipowaomba waliocheka nao waje waonyeshe, kicheko kilikatika ghafla kama uzi. Nikawaambia basi waandike majina ya Kiswahili ya kila walichokiona. Wengi waliandika "boti". Mmoja aliandika "mti wa kuendeshea boti". Mtumbwi, neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi hulisoma, uliandikwa na wanne tu.

Baada ya kipindi, binti mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa chake asubuhi nzima alinifuata ofisini. Kwao ni sehemu za chini za mto Tana, na babake ni mvuvi. Aliichukua ile nakala akaiweka mezani, akaanza kunitajia kwa Kipokomo sehemu baada ya sehemu. Alinieleza mti ufaao kuchongwa na usiofaa, namna mvuvi anavyosimama maji yakiwa machache na anavyoketi yakiwa mengi, na jinsi mtumbwi unavyolala ukipakiwa vibaya. Nikamuuliza ni kwa nini hakuyasema hayo darasani. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, nilidhani hayo ni mambo ya nyumbani tu."

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kwanza, mpenzi msomaji, niruhusu nikueleze kidogo kuhusu huyo Baines, kwani kisa chake kina funzo. Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa bandari wa King's Lynn, Uingereza. Babake alikuwa nahodha. Yeye mwenyewe alifunzwa kazi ya kupamba magari ya farasi kwa rangi, kisha mwaka 1842 akaabiri meli hadi Rasi ya Tumaini Jema, na tangu hapo maisha yake yakawa ni safari na mchoro, mchoro na safari. Mwaka 1858 aliteuliwa kuwa mchoraji na mtunza bohari wa msafara wa David Livingstone katika mto Zambezi. Miongoni mwa wenzake alikuwamo John Kirk, daktari na mwanabotania, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa Uingereza kule Unguja na kutajwa sana katika historia ya pwani yetu.

Msafara huo ulikuwa na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ma Robert. Jina hilo linapaswa kututabasamisha sisi Waswahili, maana si jina la Kizungu hata kidogo. Wenyeji walimwita mkewe Livingstone "Ma Robert", yaani Mama Robert, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama tunavyoitana mitaani mwetu hadi leo. Lakini meli yenyewe haikuwa na sifa ya kuitwa mama. Mabati yake yalikuwa membamba yakaliwa na kutu, na tanuri lake lilikula kuni bila ya kushiba. Ilikwenda ikihema, hata Livingstone akaifananisha na mgonjwa wa pumu, ilhali mitumbwi ya wenyeji, iliyochongwa kwa gogo moja, ilipita bila ya kelele wala moshi. Mwishoni mwa mwaka 1860 Ma Robert ilikwama mchangani ikaharibika kabisa. Mitumbwi iliendelea na safari zake.

Baines aliyatazama haya yote akayachora. Alikuwa na ada moja ambayo mimi, kama mwanaisimu, namheshimu kwayo: aghalabu aliandika juu ya michoro yake mahali alipokuwa, tarehe, na maelezo ya alichokiona. Hakuchora mto wowote, alichora mto fulani, siku fulani. Mwaka 1859 alichora maporomoko ya Kebrabasa, ambayo leo huandikwa Cahora Bassa, nchini Msumbiji. Hayo ndiyo maji yaliyoizuia njia ya Livingstone na kuivunja ndoto yake ya kupanda Zambezi kwa meli hadi bara. Mwezi wa Desemba mwaka 1974 milango ya bwawa kubwa ilifungwa mahali hapo, ziwa likajaa, na maporomoko hayo yakazama. Anayetaka kuyaona jinsi yalivyokuwa hana budi kuitazama michoro na picha za waliopita kabla ya bwawa, ya Baines ikiwamo.

Nasi tuna ya kwetu. Maporomoko ya Ripon kule Jinja, ambapo Mto Naili hutoka katika Ziwa Viktoria, na ambapo Speke aliwaona wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda mwaka 1862 wakivua samaki kutoka juu ya miamba, yalizamishwa na bwawa la Owen Falls mwaka 1954. Mto Tana umejengewa mabwawa matano, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988. Sisemi kwamba mabwawa ni mabaya. Ninayaandika haya kwa mwangaza wa taa inayowashwa na maji hayohayo. Nasema tu kwamba mto ukibadilika, ujuzi wa mto hubadilika au hupotea, na anayetaka kuuhifadhi asisubiri milango ifungwe.

Lakini sasa turejee kwa mvushaji wetu mtumbwini, kwani hapo ndipo pana mzizi wa maneno.

Livingstone alimpa Baines maagizo kwa maandishi. Miongoni mwa mengine, alimtaka achore mandhari, wanyama na mimea, na pia achore watu wa makabila mbalimbali, kila kabila kwa kielelezo chake cha wastani, kwa manufaa ya elimu ya makabila. Tuyapime maneno hayo. Mtu wa wastani ni nani? Ana jina? Ana mama? Mtu wa wastani hajazaliwa bado. Anayechorwa kwa shabaha hiyo huchorwa kama ua au samaki, si kama binadamu aitwaye fulani bin fulani. Hiki ndicho kiini cha lawama ambayo wasomi wetu huwatupia wachoraji wa zama zile, na lawama hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, mvushaji wa mchoro wangu si mtu wa wastani. Baines alikwishaachana na Livingstone wakati huo. Aliyaona maporomoko mwaka 1862 akiwa na mfanyabiashara James Chapman, na kwenye mchoro akaliandika jina la yule mvushaji: Zanjueelah, mwenye mtumbwi wa maporomoko. Tahajia hiyo ni ya sikio la Kiingereza. Ile "ee" ni "i" yetu, na "h" ya mwisho haina kazi ila kumkumbusha Mwingereza jinsi ya kuitamka "a". Kwa hiyo nililiandika ubaoni jina hilo kwa namna ambayo sisi tungeliandika, nikawaambia wanafunzi wangu: huyu ni mtu. Alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa ya hatari na ya maarifa makubwa, kwani mtumbwi unaovushwa karibu na maporomoko yale ukikosea njia haurudi. Wasafiri waliojiita wavumbuzi waliketi mtumbwini kama mizigo, wakamtegemea yeye.

Na ajabu ya Mungu, Baines mwenyewe aliyaonja machungu ya kupotezewa jina. Mwaka 1859 alituhumiwa wizi wa mali ya msafara, akafukuzwa akiwa mgonjwa wa homa, wala hakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya waamuzi. Aliishi miaka kumi na sita zaidi akitaka jina lake lisafishwe, akafa Durban mwaka 1875 bila ya kuipata haki hiyo. Huenda aliyenyang'anywa jina hujifunza kuyathamini majina ya wenzake. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini jina la mvushaji lipo pale, na hilo halina ubishi.

Hebu sasa tulitazame upande wa lugha. Mwenyeji wa Zambezi ya chini au wa kando ya Ziwa Nyasa huuita mtumbwi bwato. Mnyarwanda huuita ubwato. Msemaji wa Kilingala, kando ya mto Kongo, husema bwato. Mganda husema eryato. Na yule binti wa Tana aliniambia kwamba kwao ni waho. Asiyejua huona haya ni maneno matano. Mwanaisimu huona neno moja lililosafiri. Hata hiyo "h" ya waho haikuja hivihivi, kwani ni "t" ya kale iliyolainika, kama vile "tatu" ya Kiswahili ilivyo "hahu" kwa Wagiriama. Kafi yetu ni nkhafi kwa Wachewa na enkasi kwa Waganda, na tofauti ya "f" na "s" hapo ina kanuni yake, kwa kuwa figo la Mswahili ni ensigo kwa Mganda. Mtego wa samaki uliosukwa kwa fito, ambao kamusi zetu huuita mgono, Mchewa huuita mono. Mvuvi wetu ni omuvubi wa Uganda.

Maana ya haya ni nini? Ni kwamba kabla Baines hajazaliwa, na kabla Ulaya haijajua Zambezi inatoka wapi, watu wetu walikuwa wamekwisha kuisambaza elimu ya mito kwa mitumbwi na kafi zao, na ushahidi wa safari hizo wameuacha ndani ya vinywa vya wajukuu. Huo ni mchoro ambao hakuna mgeni aliyeuchora. Na yule binti alikuwa amekaa nao kimya katika safu ya nyuma ya darasa langu, akidhani ni mambo ya nyumbani tu.

Najua yatakayosemwa. Kuna watakaosema kwamba michoro ya wageni wa zama za ukoloni haifai kuingizwa darasani, kwani ilichorwa kwa jicho la mtawala. Nakubaliana nao nusu. Jicho hilo lipo, na mwalimu asiyelitaja atakuwa amewapotosha wanafunzi wake. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huona ajabu kitu ambacho mwenyeji hakioni tena kwa mazoea, akakiandika. Tukiitupa michoro hiyo tutakuwa tumeitupa na mitumbwi yetu iliyomo. Tuisome, tuihoji, kisha tuijazie kile ambacho mchoraji hakuwa nacho, yaani majina.

Wengine watasema kwamba maneno hufa kama watu, na kwamba kulilia upo, pondo na jarife ni kulilia jembe la mawe. Kwa hili pia nina jibu. Mimi silii kila neno linapozikwa. Kitu kikifa, jina lake hufa nacho, na lugha hai haina makaburi ya kutosha kuyatunza yote. Lakini mtumbwi haujafa! Upo Tana, upo Nzoia na Yala, na upo ziwani. Alfajiri hii mvuvi ameusukuma majini, amepiga pondo, ametega mtego wake, na maji yakiingia ameyafua kwa kata. Neno halijafia mtoni. Linafia shuleni. Mtoto hutoka kwao akiwa nalo, akafika darasani akakuta halitahiniwi wala haliulizwi, akajifunza kwamba ujuzi wa babake si elimu. Hatari ninayoiona ni hii ya mtoto kuionea haya akili ya mzazi wake, na mbele yake msamiati unaopungua ni jambo dogo.

Na wako watakaoniuliza, ya nini kuchora zama hizi ambapo kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni? Jawabu ni kwamba kupiga picha hakumlazimishi mtu kutazama. Mwanafunzi hupiga picha mia za mto kwa dakika tano, akarudi nyumbani bila ya kuona kitu. Anayechora hana njia ya mkato. Ni lazima ajiulize kafi imeshikwaje, fito za mgono zimefungwa wapi, samaki huingilia upande upi na kwa nini hawezi kutoka. Akishajiuliza hivyo, hana budi kumwuliza mvuvi, na mvuvi hujibu kwa maneno. Hapo ndipo somo la lugha linapoanza.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu, hususan walio karibu na mito na maziwa. Mtaala wetu wa sasa wa umilisi unasisitiza kwamba mwanafunzi atende, asikariri tu. Basi mtoeni nje. Mpelekeni ufukoni akiwa na karatasi na kalamu ya risasi. Achore mtumbwi mmoja na chombo kimoja cha kuvulia samaki. Halafu amwulize mwenye mtumbwi jina la kila sehemu kwa lugha ya mahali hapo, aliandike kama lilivyotamkwa, na kando yake aandike la Kiswahili ikiwa lipo. Pasipokuwapo la Kiswahili, asione haya, wala asikimbilie Kiingereza. Kiswahili kililipokea neno ng'atuka kutoka kwa Wazanaki, na hakikupungukiwa heshima. Kamusi zetu zina utajiri wa bahari kwa kuwa watunzi wake waliwasikiliza mabaharia. Bado zinangoja wa kuwasikiliza watu wa mito.

Mwisho wa yote, chini ya mchoro, mwanafunzi aandike mahali, tarehe, na jina kamili la mvuvi aliyemfundisha. Aliandike kwa tahajia sahihi, alivyotaka mwenyewe liandikwe. Michoro hiyo ihifadhiwe katika maktaba ya shule. Ile ya Baines imehifadhiwa kwa wingi London, katika Chama cha Kifalme cha Jiografia, na anayetaka kuiona halisi hana budi kupanda ndege. Ya watoto wetu na iwe hapa, pahali ambapo mvuvi mwenyewe anaweza kuingia akajiona.

Wiki mbili baada ya siku ile nilimwomba yule binti atufundishe kwa saa nzima. Mwanzoni sauti yake ilitetemeka. Kisha akachora mtumbwi ubaoni kwa chaki, akaanza kutaja. Yule kijana hodari wa methali aliketi mbele kabisa akiandika, na binti alipofika nyuma ya mtumbwi, kijana aliuliza kama hiyo ndiyo tezi. Ndiyo, akaambiwa. Na huku mbele ni omo? Ndiyo. Na kule chini, maji yanapotuama?

"Hiyo ndiyo ngama," akasema binti. "Hata kwetu, maji yote mwisho hurudi hapo."

Hakuna aliyecheka. Nami nilikaa nyuma kabisa, katika kiti chake, nikiandika.